Mbegu gani ipandwe? Kwa nini mkulima wa Kivu mara nyingi huacha ile inayozaa zaidi

Kila mwaka mvua za Septemba zinapoanza katika milima ya Kivu, kila jamaa inayolima huamua jambo moja ambalo halitangazwi na redio yoyote: ni mahindi yapi, mpunga upi na maharagi yapi yaingie udongoni. Uamuzi huo hufanywa nyumbani, mara nyingi na mama mwenye nyumba, akitazama mbegu iliyobaki na pesa iliyopo. Miezi minne au mitano baadaye ndipo jibu huonekana katika sahani ya watoto.

Jambo hilo si dogo kwa sasa. Kwa nusu ya kwanza ya mwaka 2025, tathmini ya kitaifa ya usalama wa chakula ilikadiria kwamba watu karibu milioni 28 nchini Kongo walikuwa na upungufu mkubwa wa chakula, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla. Majimbo ya mashariki yanabeba sehemu nzito ya mzigo huo, na katika majimbo hayo wengi wanaokosa chakula ni watu wanaolima wenyewe.

Jibu ambalo serikali na mashirika hutoa mara kwa mara ni moja: mbegu bora. Rais Félix Tshisekedi amesema mara nyingi kwamba udongo unapaswa kulipiza kisasi dhidi ya madini, yaani kilimo kiishinde migodi. Miradi huleta mahindi yanayozaa mara mbili ya yale ya kienyeji. Lakini misimu michache baada ya mradi kufungwa, mashamba mengi hurudi kwenye mbegu ya zamani. Wengine husema ni ukaidi wa wakulima. Ukiangalia kwa karibu, ni hesabu, na mara nyingi hesabu hiyo ni sahihi.

Tisa kati ya kumi haitoki dukani

Mwaka 2016 watafiti Shawn McGuire na Louise Sperling walitoa uchunguzi uliokusanya habari za wakulima wadogo kutoka nchi sita, Kongo ikiwa mojawapo. Waligundua kwamba asilimia 90 hivi ya mbegu walizopanda wakulima hao zilitoka nje ya njia rasmi: ghala la nyumbani, jirani, ndugu, na zaidi ya yote soko la kijiji. Soko peke yake lilitoa karibu nusu ya mbegu zote.

Maana yake ni kwamba mkulima wa Kalehe au wa Rutshuru hachagui mbele ya orodha ya mbegu. Anachagua mbele ya gunia la mama muuzaji. Anauliza punje hizi zimetoka wapi, zimevunwa lini, na kama aliyeziuza ametoka sehemu yenye udongo na mvua kama kwake. Anazishika, anazitazama kama zimetobolewa na wadudu, anang'ata moja aone kama imekauka. Mama muuzaji anayejulikana hutenga yale yanayoweza kupandwa na yale ya kupika tu, na bei haiwi sawa.

Njia rasmi ipo. INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, ina kituo huko Mulungu, katika wilaya ya Kabare, na SENASEM ndiyo huduma ya serikali inayokagua mbegu na kuzipa cheti. Kati ya kituo na kijiji kuna wakulima wanaozidisha mbegu kwa ajili ya kuuza. Lakini mnyororo huo ni mwembamba. Wanaozidisha huuza zaidi kwa miradi na mashirika kuliko kwa majirani zao. Mradi ukifungwa, mnunuzi hayupo tena, na mbegu yenye cheti hutoweka kijijini hata kama wakulima waliipenda.

Mlima na uwanda havikubali mbegu moja

Anayetoka Uvira kwenda Bukavu hupanda kutoka mita karibu 770 za Ziwa Tanganyika hadi kwenye vilima vya mita 1500 na zaidi. Kabare na Walungu kuna mashamba yanayokaribia mita 2000, na Lubero, katika Kivu ya Kaskazini, yapo yanayozidi hapo. Katika safari hiyo ya saa chache, hindi hubadilika kabisa.

Kwenye uwanda wa Ruzizi kuna joto, na aina za haraka hukauka kwa miezi mitatu au minne. Lakini mvua ya huko ni chache kuliko ya milimani na hukatika ghafla. Mkulima wa Sange au Luvungi anataka kwanza hindi linalowahi, litakalotoa mbelewele na kubeba kabla mvua haijaondoka. Kule juu Lubero, baridi huchelewesha kila kitu. Hindi lilelile likipelekwa huko hukaa shambani muda mrefu zaidi, hupata ukungu wa majani, na mvua huingia ndani ya gunzi ikiwa maganda hayakufunga vizuri. Mkulima wa mlimani hutafuta ganda refu linalofunika hadi ncha, na shina lisiloangushwa na upepo.

Magonjwa nayo yana maeneo yao. Ugonjwa wa virusi unaokausha mahindi ungali yamesimama, uliogunduliwa Kenya mwaka 2011, uliingia mashariki mwa Kongo miaka michache baadaye. Viwavi vilivyotoka Amerika, ambavyo hula moyo wa hindi changa, vilionekana Afrika mwaka 2016 na sasa vimeenea karibu kila mahali. Mkulima aliyepoteza shamba kwa sababu hizo haulizi tena kwanza mbegu inazaa magunia mangapi. Anauliza: mwaka ule wa ugonjwa, shamba la nani lilibaki kijani, na alipanda mbegu gani?

Ndiyo maana mbegu moja iliyosifiwa kwa jimbo zima ni jambo la kushangaza kwa wakulima. Jimbo la Kivu ya Kusini peke yake lina mashamba ya joto la ziwa na mashamba ya baridi ya mlima.

Mbegu ya kununua kila msimu na mbegu ya kurudia

Hapa ndipo mabishano makubwa yalipo. Mbegu chotara, ile ambayo wauzaji huiita hibridi, hutengenezwa kwa kuchanganya wazazi wawili waliochaguliwa. Msimu wa kwanza mimea hufanana, hubeba vizuri na hulipa mbolea iliyowekwa. Lakini mkulima akitunza punje zake na kuzipanda tena, nguvu hiyo hupungua tangu msimu wa pili: mmea mmoja mrefu, mwingine mfupi, magunzi hayalingani, na mavuno hushuka sana. Kwa hiyo lazima arudi dukani kila msimu.

Aina nyingine ni zile zinazoweza kurudiwa. Mkulima huchagua magunzi mazuri, huyatundika juu ya jiko ili moshi ufukuze wadudu, na msimu unaofuata hupanda tena. Kwa mahindi, hata mbegu hizo huchoka polepole, kwa sababu upepo huleta chavua kutoka shamba la jirani. Wanaozalisha mbegu hutenganisha mashamba kwa mita mia mbili au zaidi ili aina zisichanganyike. Kwenye vilima vya Bushi, ambako mashamba mengi hayafiki hata nusu hekta na mipaka inagusana, jambo hilo haliwezekani. Wakulima wenye uzoefu huchukua magunzi ya mbegu katikati ya shamba, si pembeni, na baada ya misimu kadhaa hutafuta mbegu mpya. Maharagi na mpunga hujichavusha wenyewe, ndiyo maana aina nzuri ya maharagi inaweza kupita kutoka kwa mama hadi kwa binti bila kuharibika.

Wataalamu wengi hulinganisha mbegu hizi kwa wastani wa mavuno. Mkulima hailinganishi hivyo. Mfano wa hesabu tu: mbegu ya kwanza inatoa magunia 8 mwaka mzuri na gunia 1 mwaka mbaya. Ya pili inatoa magunia 5 mwaka mzuri na 3 mwaka mbaya. Katika miaka mitatu, miwili mizuri na mmoja mbaya, ya kwanza inatoa magunia 17, ya pili 13. Kwenye karatasi ya mradi, ya kwanza imeshinda. Lakini ikiwa jamaa inahitaji magunia 3 ili kufika mavuno yanayofuata, ile ya kwanza mwaka mbaya huiacha nyumba na njaa. Mkulima atauza mbuzi, atakopa, au atamtoa mtoto shuleni, na magunia 8 ya mwaka unaofuata hayatarudisha vyote hivyo.

Mtu mwenye akiba benki anaweza kungoja wastani. Asiye na akiba anaangalia mwaka mbaya kwanza. Hicho ndicho wengi hukiita woga wa mkulima mdogo, na ndicho kinachofanya mbegu inayozaa zaidi isiwe mbegu inayochaguliwa.

Hali hubadilika palipo na barabara, mbolea na mnunuzi wa hakika. Huko Katanga ya Juu, wenye mashamba makubwa kandokando ya Lubumbashi hununua chotara kutoka Zambia bila kusita, kwa kuwa mji unakula bukari kila siku na unangoja unga. Ni nchi ileile, lakini hesabu ni nyingine, na uamuzi nao ni mwingine.

Jiko, ghala na soko

Mavuno hayaishii shambani. Hindi lenye punje ngumu, inayong'aa kama kioo, hutwangwa kwa shida lakini hukaa ghalani muda mrefu kabla ya kutobolewa na wadudu. Lenye punje laini husagika haraka na hutoa unga mweupe, lakini likikaa miezi mitatu bila dawa huanza kugeuka vumbi. Anayeuza mara tu baada ya kuvuna anaweza kuchukua laini. Anayekula kidogokidogo hadi msimu mwingine huchukua ngumu. Na mara nyingi ni mtu mmoja: anapanda zote mbili, kila moja mahali pake.

Rangi nayo ina thamani yake. Katika nchi nyingi za ukanda huu, unga mweupe ndio hupewa heshima mezani, na hindi la manjano lina sifa ya chakula cha msaada au cha kuku. Kwa sababu hiyo mahindi ya rangi ya machungwa, yaliyotengenezwa ili yawe na vitamini A kwa ajili ya macho na afya ya watoto, hayakubaliki kwa sifa ya vitamini peke yake. Lazima yawe pia na ladha, na mnunuzi asiyaogope. Maharagi yenye madini ya chuma yalipata njia rahisi zaidi Kivu, kwa sababu katika soko la maharagi rangi nyingi zilikuwa tayari zimezoeleka.

Kwa maharagi, muda wa kuiva ni pesa. Gunia la makala halishuki bei Bukavu wala Goma, na mama anayepika maharagi yanayokaa motoni saa tatu anajua anachochoma. Aina inayozaa sana lakini isiyoiva haraka huacha jina baya sokoni, na muuzaji wa Kadutu ataikataa bila kusoma ripoti ya kituo chochote.

Mtama ni mfano mwingine. Mtama mrefu wa milimani hukaa shambani zaidi ya miezi sita, na ndege huula. Kwa hesabu ya kilo, ungekuwa umekwisha zamani. Lakini uji wa mtama hupewa mzazi aliyejifungua, na pombe ya mtama huhitajika kwenye posa, kwenye matanga na kwa wanaokuja kusaidia kulima. Jamaa isiyokuwa nayo haina cha kuwakaribishia wageni. Hakuna safu ya jambo hilo katika jedwali la mavuno, lakini katika uamuzi wa kupanda lina uzito.

Shamba ni la nani, kwa muda gani

Katika Bushi, ardhi haishikwi kwa namna moja. Kuna ile inayopatikana kwa kalinzi, haki ya kudumu inayopitia kwa chifu na kurithiwa. Na kuna bwasa, ambapo mtu hupewa kipande kwa msimu au mwaka kwa malipo, bila haki ya kupanda migomba wala kitu kingine cha kudumu. Wanawake wengi na vijana wasio na urithi hulima kwa bwasa.

Mwenye bwasa hawezi kuchagua aina inayochelewa, kwa sababu siku za kurudisha shamba zinahesabiwa. Hawezi pia kumwaga mbolea kwenye udongo ambao msimu ujao utalimwa na mwingine. Hindi la haraka na haragi fupi ndiyo mazao yake. Ukimletea haragi linalopanda juu ya miti, ambalo kwa kweli huzaa zaidi kuliko lile fupi, swali lake la kwanza litakuwa: miti ya kuliegemeza itatoka wapi, katika kilima ambacho miti imekwisha na ardhi si yake?

Ndani ya nyumba pia mapendeleo hayafanani. Mara nyingi baba huwaza gunia la kuuza ili alipe shule au deni. Mama huwaza majani ya maharagi ya kuchuma, mahindi mabichi ya kuchoma katika ile miezi ghala likiwa tupu, punje zisizohitaji makala mengi, na mahindi yasiyofunika maharagi yaliyopandwa katikati yake. Mradi unaoita mkutano saa ambazo wanawake wako shambani husikia upande mmoja tu, na huondoka ukiamini umesikia kijiji kizima.

Vita inabadilisha hesabu

Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Kwa mkulima, tarehe hizo zina maana nyingine: ni siku za kutayarisha msimu B, ambao mbegu zake huingia udongoni Februari na Machi. Benki zilifungwa, viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vikasimama, na barabara zikakatika wakati uleule mbegu ilipohitajika. Mwezi Desemba 2025 mapigano yalishuka uwanda wa Ruzizi hadi Uvira, mahindi ya msimu A yakiwa bado shambani, na maelfu ya jamaa wakavuka mpaka kwenda Burundi.

Katika hali hiyo, swali la kwanza kabla ya kupanda halihusu mvua. Linahusu watu: je, tutakuwepo hapa kuvuna? Swali hilo husukuma uchaguzi upande mmoja. Hindi la siku 90 hushinda lile la siku 140, hata kama linatoa nusu ya mavuno. Wengine huvuna likiwa bichi, kwa kuwa likikaa hadi kukauka litaliwa na wezi au na wenye silaha. Anayevuna bichi hatundiki mbegu juu ya jiko. Msimu unaofuata lazima anunue, na anaponunua hukuta mchanganyiko ambao hakuna anayejua umetoka wapi.

Wengine huacha nafaka kabisa na kwenda kwenye muhogo. Muhogo hungoja ardhini, hauvunwi wote siku moja, na mtu aliyekimbia anaweza kurudi baada ya miezi na kuukuta. Hilo nalo ni jibu la busara. Lakini bugali ya muhogo bila maharagi wala mahindi hujaza tumbo na kuacha mwili bila nguvu, na watoto ndio huonyesha kwanza.

Pesa za duka la mbegu zimepungua pia. Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake Januari 2025, na shirika lake la USAID likafungwa rasmi katikati ya mwaka huo. Mashirika mengi yaliyokuwa yakinunua mbegu kutoka kwa wanaozidisha yalitegemea fungu hilo. Na hata serikali za Afrika, zilizoahidi Maputo mwaka 2003 kuweka asilimia 10 ya bajeti katika kilimo, nyingi hazijafika huko. Kongo ni moja ya zile zilizo mbali.

Msaada unapoleta mbegu isiyoombwa

Vita inapotulia kidogo, malori ya msaada huja na mbegu. Nia ni njema. Lakini mara nyingi dhana ya kwanza ni kwamba mbegu zimekwisha kijijini, na dhana hiyo inaweza kuwa na kosa.

Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 nchini Rwanda, mashirika yaliamini kwamba aina za maharagi za nchi hiyo zilikuwa zimepotea. Uchunguzi uliofuata ulionyesha jambo tofauti. Aina nyingi zilikuwa bado zipo, katika masoko na kwa wakulima waliobaki. Kilichokosekana kwa wengi kilikuwa pesa ya kuzinunua. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ni kubwa. Mbegu ikiwa imekwisha, mtu huleta mbegu. Pesa ikiwa ndiyo imekwisha, lori la mbegu kutoka mbali huwanyang'anya wateja akina mama wauzaji, ambao ndio walioitunza mbegu ya kienyeji.

Kuna tatizo la pili, la wakati. Mbegu inayofika wiki tatu baada ya mvua kuanza haipandwi, inapikwa. Anayepika mbegu ya msaada si mwizi wala mvivu. Ameona kalenda ya mvua na ameona watoto wake.

Na kuna tatizo la tatu, la mahali. Gunia limeandikwa jina la aina na siku za kukomaa, lakini siku hizo zilihesabiwa kwenye joto la chini. Mkulima wa mita 1900 akipanda akingoja siku 100, atakaa akitazama mahindi mabichi hadi mvua ya msimu mwingine. Mara nyingi hapewi hata nafasi ya kujaribu mstari mmoja kwanza. Anapewa kilo kumi, aitikie au aache.

Kumuuliza anayepanda

Njia nyingine ilijaribiwa zamani, na karibu na hapa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, taasisi ya kilimo ya Rwanda pamoja na kituo cha kimataifa cha CIAT waliwaalika wanawake waliojulikana vijijini mwao kama wajuzi wa maharagi. Waliingizwa kwenye mashamba ya kituo, ambako aina nyingi zilikuwa bado zinajaribiwa, wakachagua wenyewe zile za kupeleka nyumbani. Zilizochaguliwa na wanawake hao zilifanya vizuri vijijini kuliko zile zilizochaguliwa na wataalamu. Sababu si siri: walijua kivuli cha migomba yao, umaskini wa udongo wao, na nini kingeuzika.

Kwa mpunga, kituo cha AfricaRice kilitumia njia inayofanana katika kueneza aina za NERICA, zilizotokana na kuunganisha mpunga wa Asia na ule wa Afrika, kazi iliyompa Monty Jones wa Sierra Leone Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2004. Wakulima huita majirani, hupita katikati ya vipande vya majaribio, na kila mmoja hutoa kura yake kabla ya kuvuna na baada ya kuonja. Aina inayopendeza machoni lakini isiyopendeza sahanini huanguka katika kura ya pili.

Kwa maharagi, mtandao wa PABRA, ulioanza mwaka 1996 na ambao Kongo ni mwanachama, ulieneza wazo jingine rahisi katika nchi zake: pakiti ndogo. Badala ya kilo kumi, gramu mia moja au mia mbili, kwa bei ambayo mama sokoni anaweza kulipa bila kukopa. Anapanda mstari mmoja pembeni ya mbegu yake ya kawaida. Ikishindwa, amepoteza bei ya sabuni. Ikifaulu, atakuja tena na majirani watakuja kumwomba. Kwa namna hiyo mkulima anajaribu bila kuweka chakula cha mwaka mzima hatarini, na ndivyo wakulima wa Kivu wamekuwa wakifanya wenyewe siku zote wanapopata punje za kigeni kwa shemeji au kwa msafiri.

Kwa wanaopanga misaada na bajeti, maswali ya kuuliza kabla ya kununua mbegu si mengi. Shamba liko mita ngapi juu? Mkulima anashika ardhi kwa misimu mingapi? Mbegu inaweza kurudiwa, na kwa misimu mingapi? Nani atauza pakiti ya pili, mradi ukiisha kuondoka? Na mwaka mbaya, inatoa nini? Swali la mwisho ndilo ambalo vipeperushi vya mbegu havilijibu, na ndilo ambalo mkulima huliuliza kwanza.

Vituo kama Mulungu navyo vinahitaji jambo moja ambalo vita imelifanya la haraka: mbegu mama za aina zilizojaribiwa Kivu zisihifadhiwe mahali pamoja tu. Kituo kinaweza kuibwa au kukatwa na barabara kwa usiku mmoja, na kazi ya miaka mingi ikaenda nayo. Vikundi vya wakulima na koperative, katika kata zenye urefu tofauti juu ya bahari, vinaweza kutunza sehemu ya urithi huo, kama watalipwa kwa kazi hiyo.

Hakuna ubishi kwamba Kongo inahitaji mavuno makubwa zaidi. Mji wa Goma hauwezi kula unga wa nje daima, na hindi la kienyeji lililochoka halitalisha nchi inayoongezeka. Lakini mbegu mpya itabaki shambani pale tu mwaka wake mbaya utakapokuwa mwema kuliko mwaka mbaya wa ile ya zamani. Hadi hapo, mama wa Walungu atakayegawa kipande chake mara tatu, mbegu ya mradi upande mmoja, ya mama yake upande wa pili, na ya soko katikati, hatakuwa amekataa maendeleo. Atakuwa amehakikisha kwamba, lolote litakalotokea, kitu fulani kitavunwa.